Kisomo na Ufundi kwa Watu wa Kibarua: Mwongozo wa Kuanzisha Darasa katika Mtaa wa Mjini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wastaafu, vikundi vya akina mama, parokia, misikiti, asasi ndogo na viongozi wa mitaa wanaotaka kuanzisha darasa la vijana na watu wazima walioikosa shule, au waliokatishwa masomo, katika maeneo kama Manzese, Tandale, Vingunguti, Keko na Mbagala jijini Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maelezo inaweza kutumika Mwanza, Arusha au Mbeya vilevile, ila ofisi na taratibu zinazotajwa ni za Tanzania Bara.

Kazi hii ina historia ndefu nchini. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni za kisomo zilizofuata ziliibadilisha nchi ambayo mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima wake hawakujua kusoma, hata kufikia mwaka 1986 waliobaki wakahesabiwa kuwa chini ya asilimia 10. Sababu mojawapo ya mafanikio yale ni kwamba kitabu alichopewa mkulima kilizungumzia pamba, ndizi na uvuvi, yaani kazi iliyokuwa mikononi mwake tayari. Siku hizi Dar es Salaam peke yake, kwa mujibu wa Sensa ya 2022, ina watu zaidi ya milioni 5.3, na wengi wao huamka asubuhi bila kujua jioni watakula nini. Kwa mtu wa namna hiyo, kukaa darasani saa mbili ni kuacha saa mbili za kutafuta riziki. Darasa litakalodumu ni lile linalokubali ukweli huo tangu siku ya kwanza, likapanga saa, masomo na ufundi wake kuizunguka kazi anayoifanya mwanafunzi sasa.

Hatua ya 1: Wajue watu kabla ya kutangaza darasa

Msianze kwa kubandika matangazo. Anzeni kwa kuzunguka kwenye vijiwe vya bodaboda, gereji za uchochoroni, vibanda vya mama lishe, masoko na maeneo ya ujenzi ambako vijana wa dei waka hukusanyika alfajiri wakisubiri kuitwa. Waulizeni wanafanya kazi gani, wanaianza saa ngapi na kuimaliza saa ngapi, waliacha shule wakiwa darasa la ngapi na kwa sababu gani, na ni jambo gani la kusoma au kuhesabu linalowakwamisha katika kazi yao. Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko mengine yote, kwa sababu majibu yake ndiyo yatakayokuwa mtaala wenu.

Mtawakuta watu wa aina tofauti, na ni kosa kuwaweka wote katika kundi moja. Wapo wasiojua kusoma kabisa, wengi wao wakiwa wanawake waliokuja mjini wakiwa wasichana kufanya kazi za ndani. Wapo walioishia darasa la nne au la tano, ambao husoma kwa kubabaisha na huona aibu kulisema hilo. Wapo waliomaliza darasa la saba bila kuendelea, na wapo waliofika kidato cha pili au cha tatu wakaacha kwa sababu ya ujauzito, umaskini au kufiwa na wazazi. Wapo pia mafundi hodari wenye uzoefu wa miaka mingi ambao hawana karatasi yoyote ya kuuthibitisha.

Aibu inahitaji uangalifu wa pekee. Mtu mzima asiyejua kusoma hawezi kukutamkia hivyo mara ya kwanza. Ukimpa fomu atasema amesahau miwani nyumbani, au atamkabidhi mtoto aliye karibu, au atasema ataijaza akifika kwake. Akisema hivyo usimbane. Jazeni fomu pamoja, yeye akitaja na wewe ukiandika, kisha mpe kalamu aandike jina lake mwenyewe akipenda. Kwa namna anavyoishika kalamu tu utaelewa aanzie wapi. Na tangazo lenu lisiandikwe “darasa la wasiojua kusoma”. Liandikwe “mahesabu ya biashara na ufundi”, nao watakuja kwa heshima zao.

Hatua ya 2: Pangeni saa kabla ya kupanga masomo

Kwa maoni yangu, ratiba mbaya imewafukuza watu darasani kuliko ualimu mbaya. Mama lishe yuko huru kuanzia saa tisa alasiri, baada ya kuosha vyombo na kabla ya kwenda kununua mahitaji ya kesho. Mpagazi wa soko la Mabibo huanza kazi usiku wa manane malori yanapoingia, na kufikia saa nne asubuhi amekwisha kuchoka na anataka kulala. Fundi wa gereji huachia saa kumi na mbili jioni. Kondakta wa daladala ana siku ya kupumzika ambayo hubadilika kila wiki. Hakuna saa moja itakayowafaa hawa wote, kwa hiyo ni heri kuwa na vikundi viwili au vitatu vidogo vyenye saa tofauti kuliko kuwa na kundi moja kubwa ambalo nusu yake haitaonekana.

Somo moja lisizidi saa moja na nusu, na wiki moja isiwe na vipindi zaidi ya vinne. Mwanafunzi aliyekosa kipindi asirudi akakuta wenzake wamemwacha mbali. Kwa sababu hiyo kila kipindi kianze kwa dakika 15 za kurudia kilichopita, na kila somo liwe na karatasi moja ambayo aliyekosa anaweza kupewa.

Kuna mambo mengine ya kalenda ambayo mgeni wa mtaa huyasahau. Mwezi wa Ramadhani vipindi vya jioni visogezwe, maana saa ya kufuturu haina mbadala. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, wakazi wa kando ya Bonde la Msimbazi hukimbizana na maji, na darasa lililo bondeni halifai kuendelea kama kwamba hakuna jambo. Akina mama wenye watoto wadogo watengewe kona yenye mkeka na mtu wa kuwaangalia watoto, la sivyo wataacha kuja kimyakimya. Na vipindi vya usiku vyenye wasichana viishie mapema, tena waondoke kwa makundi.

Hatua ya 3: Ruhusa na mahali pa kusomea

Nendeni kwanza kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa mkiwa na barua fupi inayoeleza mnataka kufanya nini, wapi, kwa nani na fedha zinatoka wapi. Kutoka hapo mtaelekezwa kwa afisa elimu kata na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Darasa la kisomo linaweza kuendeshwa kwa kushirikiana na ofisi hizo chini ya MUKEJA, ambao ni mpango wa serikali wa elimu ya watu wazima unaohusisha jamii. Watoto walioikosa shule ya msingi wana mpango wao unaoitwa MEMKWA. Masomo ya sekondari nje ya mfumo rasmi yako mikononi mwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW. Iwapo mnakusudia kufungua chuo kamili cha ufundi kinachotoa vyeti, usajili wake unapitia NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na hiyo ni safari nyingine yenye masharti ya majengo, walimu na vifaa. Ushauri wangu ni kwamba asasi ndogo isianze na chuo. Ianze na darasa, na ufundi ufundishwe mahali ambapo tayari unafanyika, kama itakavyoelezwa mbele.

Mahali rahisi ni darasa la shule ya msingi baada ya saa za masomo, ukumbi wa kanisa, madrasa au ofisi ya mtaa. Madawati ya shule ya msingi ni madogo kwa mtu mzima, hivyo tafuteni mabenchi. Hakikisheni kuna mwanga wa kutosha, kwa kuwa wenye umri wa miaka 40 na zaidi wengi wana shida ya macho bila kujua, na jozi moja ya miwani ya kusomea huweza kumrudisha darasani mtu aliyedhani kichwa chake ni kizito.

Hatua ya 4: Fundisheni KKK kupitia kazi ya mwanafunzi

Kusoma, kuandika na kuhesabu visifundishwe kama darasa la kwanza la watoto. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa: anayezijua irabu tano na akaweza kuzibandika kwenye konsonanti anasoma neno lolote lenye silabi nyepesi. Chagueni neno linalomgusa mwanafunzi, kama “bei”, “deni” au “kodi”. Zungumzeni kwanza kuhusu jambo lenyewe, kodi ya chumba inavyodaiwa na mwenye nyumba anavyotaka alipwe miezi sita kwa mkupuo, kisha liandikeni ubaoni, ligaweni ko na di, na kutoka hapo jengeni ka ke ki ko ku na da de di do du. Kwa silabi hizo kumi wanafunzi wenyewe wataunda maneno: kaka, dada, duka, kuku, koki. Mtu mzima aliyelitengeneza neno “duka” kwa mkono wake kabla ya kipindi kumalizika ataondoka na furaha ambayo hakuna hotuba itakayompa.

Silabi nzito zenye mb, nd, ng', ny, dh, th na gh zije baadaye, kidogo kidogo, zikiambatana na maneno ya kazini kama “nyundo”, “mbao”, “ung'arishaji” na “gharama”. Mwalimu awaite watu kama mtaa unavyowaita: mama fulani, baba fulani, mzee, dada, kaka. Mtu mzima akikemewa mbele za watu mara moja, hutamwona tena.

Hesabu ndiyo inayowavuta wengi, na hapa inafaa kutulia. Mchukueni mama lishe na siku yake ya jana. Tuseme aliuza sahani 40 za wali maharage kwa shilingi 2,000 kila moja, yaani 80,000. Muulizeni alitumia kiasi gani, naye atataja mchele 28,000, maharage 9,000, mafuta 7,000, mkaa 6,000, nyanya na viungo 6,000, maji 1,000, na kodi ya kibanda pamoja na taka 3,000. Jumla ni 60,000, na kwa hesabu yake ya kichwani amepata faida ya 20,000. Sasa muulizeni msichana anayemsaidia alimlipa ngapi, naye aseme 7,000. Bodaboda ya kuleta mzigo kutoka sokoni, 2,000. Matumizi yamefika 69,000 na faida imeshuka hadi 11,000. Kisha muulizeni sahani ngapi ziliondoka kwa mkopo. Akisema sita, hizo ni 12,000 ambazo hazijaingia mfukoni, kwa hiyo fedha taslimu aliyoshika ni 68,000, pungufu kwa shilingi 1,000 kuliko aliyoitoa. Siku nzima ameuza, wateja wamejaa, na bado kesho hawezi kununua mahitaji yote bila kukopa. Wafanyabiashara wengi wadogo huishi na fumbo hilo kwa miaka wakidhani wana mkosi.

Kutoka kwenye mfano huo mmoja mtafundisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na namna ya kuchora daftari lenye safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka na wanaodaiwa. Asiyeweza bado kuandika “mkaa” achore kipande cha mkaa. Muhimu ni daftari liwepo na lijazwe kila siku.

Kwa vijana wa ujenzi, tumieni futi kamba na sakafu ya darasa lenyewe. Chumba chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5 kina mita za mraba 14. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kinafunika mita ya mraba 0.16, kwa hiyo vinahitajika vigae 88, na ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya vitakavyokatwa au kuvunjika unafikia 97. Saidia fundi anayeweza kumpa mwenye nyumba hesabu hiyo kwenye karatasi hatabaki saidia fundi kwa muda mrefu.

Simu nayo iingie darasani, kwa kuwa karibu kila mmoja anayo. Fundisheni kusoma ujumbe wa muamala kwa ukamilifu, kutofautisha salio na kiasi kilichotumwa, kutumia lipa namba, na kumtambua tapeli anayejifanya wakala aliyetuma fedha kimakosa.

Hatua ya 5: Ufundi ufundishwe kwenye karakana za mtaa

Asasi nyingi zikipata msaada hununua cherehani 20 na vifaa vya saluni, na baada ya mwaka mtaa mzima una mafundi cherehani na wasusi wengi kuliko nguo na vichwa vilivyopo. Kabla ya kuchagua fani, tembeeni mtaani mkahesabu: mafundi wa aina gani wapo wengi wamekaa bila kazi, na kazi gani watu wanalazimika kumwita fundi kutoka mbali? Mara nyingi mtakuta uhitaji katika ufundi bomba, umeme wa majumbani, uungaji vyuma, matengenezo ya friji na pikipiki, uwekaji wa vigae na usindikaji wa vyakula. Kwa usindikaji, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo na ushauri, na ofisi zake zinafaa kutembelewa mapema.

Njia ninayoiamini ni uanagenzi. Kijana awekwe kwa fundi mwenye karakana mtaani siku nne au tano za wiki, na arudi darasani kwa vipindi vya KKK, michoro, vipimo na usalama kazini. Uanagenzi wa mitaani una kasoro inayojulikana: kijana anaweza kukaa miaka mitatu akichota maji, kununua chai na kushikilia spana bila kufundishwa. Kwa hiyo andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya fundi, kijana na asasi, mbele ya mtendaji wa mtaa. Yataje muda wa mafunzo, saa za kazi, chakula cha mchana au posho, vifaa vya kujikinga kama miwani ya kuchomelea na glavu, na orodha ya kazi ambazo kijana lazima aweze kuzifanya peke yake mwisho wa kila mwezi. Kwa fani ya pikipiki, kwa mfano, mwezi wa kwanza abadilishe oili na aunge pancha, wa pili arekebishe breki na mnyororo, wa tatu asafishe kabureta. Kila kazi aliyoimudu isainiwe na fundi katika daftari la ujuzi la kijana.

Fundi naye apate kitu. Posho ndogo au mchango wa vifaa vya karakana hutosha, ilimradi ulipwe kwa awamu kulingana na kazi zilizosainiwa. Wasichana wanaopelekwa kwenye karakana za wanaume waende wawili wawili, na mwanamke mmoja wa asasi awatembelee kila wiki na kuzungumza nao faragha.

Hatua ya 6: Karatasi inayotambulika

Ujuzi usio na cheti hufungua milango ya uchochoroni, lakini kampuni ya ujenzi au hoteli itauliza karatasi. Kwa aliyejifunza kazini, VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mwombaji hupimwa kwa vitendo katika fani yake, hupewa mafunzo ya kuziba mapengo yanayoonekana, kisha hutunukiwa cheti bila kulazimika kukaa chuoni miaka. Daftari la ujuzi lililosainiwa humsaidia kujieleza anapohojiwa. Wakusanyeni waombaji wa fani moja na kuwapeleka kwa pamoja, maana kundi huhudumiwa kwa urahisi kuliko mtu mmojammoja.

Aliyeishia darasa la saba au njiani katika sekondari anaweza kusoma kupitia vituo vya TEWW, akafanya Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, na akifaulu akaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa msichana aliyeacha shule kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arejee katika shule ya kawaida, na kabla ya kumwandikisha kwenu muulizeni kama angependa kurudi huko. Msimzuie kwa sababu mnahitaji idadi.

Hatua ya 7: Vitambulisho na mtaji

Tengeni vipindi viwili vya kushughulikia nyaraka: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi na barua ya utambulisho ya mtaa. Bila namba ya NIDA mtu hawezi hata kusajili laini ya simu kwa jina lake, na mikopo mingi halali imefungwa kwake. Jazeni fomu hizo kama zoezi la kuandika.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kianze kwa kuweka akiba chenyewe, kwa mtindo wa vikoba, angalau kwa miezi kadhaa kabla ya kuomba, ili wanachama wajuane tabia katika mambo ya fedha. Waonyesheni pia, kwa hesabu ya ubaoni, mikopo ya kausha damu inavyofanya kazi: anayekopa 100,000 na kurudisha 5,000 kila siku kwa siku 26 amelipa 130,000 ndani ya mwezi usiotimia.

Hatua ya 8: Fuatilieni

Aliyekosa vipindi viwili mfululizo atembelewe nyumbani au kazini ndani ya wiki hiyo, kwa salamu na si kwa hoja. Sababu huwa ni mgonjwa, kuhama chumba, au mume asiyependa mkewe asome, na baadhi ya sababu hizo zina dawa.

Baada ya mafunzo, mtafuteni kila mhitimu mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Ombeni kuliona daftari lake la mauzo, maana maneno peke yake hayatoshi. Andikeni anafanya kazi gani, anapata kiasi gani kwa wiki ukilinganisha na alipoanza, kama amepata cheti, na ni kitu gani alichofundishwa ambacho hajawahi kukitumia. Kisichotumiwa na wengi kiondolewe katika masomo. Na ikiwa wahitimu kadhaa wa fani moja wamekaa bila kazi baada ya miezi sita, fani hiyo isipokee watu katika awamu inayofuata. Vifaa vyake waazimwe wahitimu wenyewe kwa mkataba, ili wapate pa kuanzia wakati asasi inatafuta karakana za fani nyingine.